Nilivyommaliza Samaki wa Mwaka Mpya

Safari hii niliifunga kwa sababu ya choo. Pale kwenye makutano ya barabara za Jane na Finch, huku ughaibuni, tulikuwa tukikaa wasichana sita katika nyumba moja ya ghorofa ya kumi na moja, wote wanafunzi, na choo kilikuwa kimoja. Kila asubuhi tulipanga foleni kama watu waliokwenda kliniki. Lin, mwenzangu wa darasani kutoka China, aliposikia habari hizo alisema kwamba mama yake mdogo anayekaa Richmond Hill ana chumba cha chini kisicho na mtu, chenye choo chake. Ila mama huyo hampangishi mtu kabla hajala naye. "Njoo mkesha wa Mwaka Mpya wetu," Lin akaniambia. "Akikupenda, chumba ni chako." Aliongea kwa wepesi, maana si yeye aliyekuwa anakwenda kufanyiwa usaili kwa vijiti.

Saa nne asubuhi ya siku yenyewe niligonga mlango wa jirani yangu, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi ya kutunza wazee. Nilitaka anitazame mavazi: gauni la kitenge chekundu juu, suruali mbili za kuzuia baridi chini. Akanigeuza mara moja, akaridhika.

"Kule kula yote," alisema. "Usiache kitu mu sahani. Ukiacha, batasema unabazarau."

"Mama, umewahi kula kwa Wachina?"

"Hapana. Lakini mama ni mama."

Nami, msomi wa shahada ya pili, nikaubeba ushauri huo kama nilivyopewa.

Saa saba mchana nilikuwa kituoni na mfuko wa machenza aliyoniagiza Lin. Baridi ya huku haina adabu. Inaingia hadi pale ambapo hata daktari huomba ruhusa kwanza. Nilibadilisha mabasi mara mbili. Kwenye barabara ya Yonge, kwenda kaskazini, vibao vya maduka vilianza kuandikwa Kikorea, kisha Kichina, au labda kinyume chake. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu anipe kile choo.

Saa tisa, Richmond Hill. Nyumba zote za mtaa ule zilifanana, ila moja ilikuwa na karatasi nyekundu pande zote za mlango. Mama mdogo wa Lin alifungua mwenyewe: mfupi, aproni kifuani, macho ya mkaguzi wa mizani barabarani. Aliniangalia viatu, akanitupia ndala za ndani, akaniangalia kitenge, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Nyekundu. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu," nikasema. Ukweli ni kwamba vitenge vyangu vingine vyote vilikuwa vichafu.

Alinikalisha mezani kufunga maandazi yao madogo ya nyama, yale ya kuchemsha. Ya Lin yalikaa wima kama askari wa gwaride. Yangu yalifumuka yote majini, nyama huku, unga kule. Mama mdogo akayakoroga, akasema tumepata supu. Hapo nikajua amenipenda, nikaanza hata kuwaza rangi ya pazia.

Saa kumi na moja jioni tukakaa mezani, sisi watatu tu. Palikuwa na bata, mboga, maandazi yaliyonusurika, na katikati samaki mzima wa mvuke, mwenye tangawizi na majani ya kitunguu, kichwa kikinielekea mimi. Mimi ni Kulwa wa Mwanza. Kwetu ukielekezewa kichwa cha samaki umepewa heshima, na heshima hiyo inajibiwa kwa meno. Wenzangu walidonoa kidogo ubavuni wakaacha. Nikawahurumia, nikadhani hawajui samaki analiwaje.

Vijiti vilinishinda, nikaomba ruhusa ya kutumia mkono. Mama mdogo akacheka, akaruhusu. Basi nikashuka ubavu wa kwanza, nikaingia wa pili, nikanyonya mifupa, nikala mashavu, nikamalizia na macho. Lin alikuwa ananipiga teke chini ya meza. Nilidhani ananishangilia.

Nilipoinua uso, sahani ilikuwa na mfupa wa mgongo na mkia tu.

"Kulwa," Lin alisema polepole, "samaki wa leo haliwi akaisha. Anabaki mpaka kesho, ili mwaka nao utubakizie kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikujua kuna binadamu anayeweza kummaliza."

Mama mdogo aliusogelea ule mfupa, akaukagua pande zote, akasema maneno machache ya Kichina ambayo Lin alikataa kunitafsiria. Kisha akaanza kutoa vyombo. Habari ya chumba haikutajwa tena.

Kwenye basi la kurudi niliona aibu, aibu ya kweli. Mwanamke wa watu amenifungulia nyumba siku yake kubwa, mbali na kwao kama nilivyo mbali na kwetu, nami nimemlia mwaka mzima kwa mkono. Mama Furaha nilipomsimulia alishika kichwa. "Miye nilisema kula yote," akasema, "lakini na macho?"

Kesho yake asubuhi niliingia duka la samaki la pale Jane, nikachagua sato mmoja mnene. Nikamkaanga, nikamuunga kwa nyanya na kitunguu kama tunavyofanya nyumbani, nikamfunga kwenye sufuria kwa khanga. Abiria waliniachia siti mbili pande zote, na basi zima likanukia kama mwaloni kwetu, pale wanaposhusha samaki.

Saa saba nilibisha hodi Richmond Hill. Mama mdogo alifungua, akaangalia sufuria.

"Nini hicho?"

"Nimeleta kilichobaki jana," nikasema.

Alifungua kifuniko, akainama, akanusa. Sato alikuwa mzima, kichwa na mkia. Akamweka katikati ya meza, akanigeukia.

"Huyu analiwa lini?"

"Kesho."

"Na nani?"

"Na sisi."

"Mabasi ya kesho huchelewa," alisema. "Utalala hapa." Akafungua droo, akatoa ufunguo wa chumba cha chini, akauweka kando ya samaki. Nilitamani kumkumbatia, nikaogopa kuharibu tena, nikamkumbatia hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata niliingia chooni peke yangu, nikakaa muda wote niliotaka, bila mtu kugonga. Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba tabia njema za kwenu zikivuka mpaka huwa njaa tu, na kwamba mwenye nyumba huulizwa yeye, si jirani. Nilipopanda juu, sato alikuwa amepashwa moto. Mama mdogo akaigeuza sahani mpaka kichwa kikanielekea.

"Leo ruhusa," akasema. "Maliza."

Nikala. Jicho moja nikalibakiza.