Nyumba ya Mlango Mmoja Kando ya Bahari

Ninyi mliobaki Manga mmeniuliza mara nyingi bahari ikoje, nami nimekuwa nikijibu neno moja tu: "Kubwa." Mimi si mtu wa maneno. Basi nimeamua kuandika, polepole, yote kama yalivyofuatana.

Sababu ya safari ilikuwa mama. Tangu surua imchukue mdogo wangu Nyakundi, mama hakuwa akila vizuri wala kuzungumza. Alikaa jikoni mpaka moto ukazima mbele yake. Daktari wa Kisii alimwambia baba, "Mtoe pale kwa muda apumzike, la sivyo utampoteza na huyu." Mjomba wangu ni mpishi wa tajiri mmoja Mombasa. Tajiri huyo alikuwa amesafiri kwao, akakubali tukae katika nyumba yake likizo ya Agosti. Tena Nyakundi alipokuwa hai alisumbua kila siku apelekwe kuona bahari, na mama alikuwa amemwahidi.

Mnajua kwamba mimi nimeshatahiriwa, kwa hiyo nalala katika esaiga, kijumba changu cha ujana, na sikanyagi chumba cha baba. Nyakundi ndiye aliyekuwa akitumwa asubuhi kumwamsha. Hakuwa akimwita. Alimvuta kidole gumba cha mguu, na baba akajibu, "Nimeamka, nimeamka," huku bado anakoroma.

Tulitoka Manga alfajiri, ukungu ukiwa umefunika migomba. Kwenye stendi ya Kisii mama alifungua mkoba wake kutafuta leso, nikaona ndani sweta ya kijani ya shule ya Nyakundi. Baba naye aliiona. Alitazama basi.

Nakuru basi lilisimama, mama akanunua hindi la kuchoma. Nilifurahi. Lakini hakulila. Alilishika upande wa dirisha mpaka likapoa, kama mtu anayemshikia mwenzake.

Kutoka Nairobi tulipanda gari la moshi, na kulipokucha nchi ilikuwa nyingine kabisa: kavu, yenye miti nisiyoijua, na joto liliingia dirishani kama pumzi ya ng'ombe. Mjomba alitupokea stesheni. Tukavuka daraja linaloelea juu ya maji, ambalo lilitikisika chini yetu, akatukabidhi kwa mama mmoja anayeitwa Bi Mwanaisha, mtunzaji wa maghorofa yenye nyumba ya yule tajiri, kisha mjomba akarudi kwake.

"Hujambo," nikamsalimu yule mama.

"Ala! Mimi rika lako?" akacheka. "Huku mtu mzima huamkiwa shikamoo, kijana wa bara."

Masikio yangu yakawaka moto.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili. Sebule ilikuwa pana kuliko darasa letu, na mbele kulikuwa na roshani iliyotazama bahari tupu. Baba hakuweka mzigo chini. Alizunguka, akarudi pale alipoanzia.

"Mlango ni huu mmoja tu?"

"Wataka mingapi?" Bi Mwanaisha akauliza.

"Huyu kijana wangu ni mtu mzima. Hatuwezi kulala naye ndani ya nyumba moja."

Bi Mwanaisha alinitazama mimi, akamtazama baba. "Basi alale wapi, juu ya mnazi?"

Mwishowe godoro langu liliwekwa kwenye roshani. Baba aliamua kwamba pale si ndani.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Baba, ambaye sijawahi kumwona amekaa bila kazi mikononi, alikunja suruali akatembea kandokando ya maji. Mimi nilionja maji ya bahari nikayatema. Bi Mwanaisha alituletea pweza, baba akamrudisha kwa heshima, akisema Biblia haimruhusu kwa kuwa hana magamba. "Basi kuleni ndizi zenu," yule mama akasema, na kesho yake akaleta samaki mwenye magamba. Mama alikaa kwenye roshani kutwa. Akaanza kula kidogo. Akaanza na kusema. Baba alifurahi sana kwa sababu hakuwa pale kusikia alichokuwa akisema.

Maji yanapokupwa, bahari huondoka. Inaacha mchanga na madimbwi mpaka kwenye mwamba ulio mbali, na wanawake na watoto huenda huko na vikapu kutafuta vitu vya kula. Maji yakianza kujaa wanarudi. Alasiri moja walikuwa wamerudi wote, mama akasema:

"Yule mdogo amebaki."

Nilitazama. Kule mbali palikuwa na kitu kifupi, kimesimama, cha rangi ya kijani.

"Ni jiwe, mama."

"Jiwe halipungi mkono."

Kesho yake nilimwonyesha Bi Mwanaisha mahali penyewe. Alitazama kwa muda, mkono juu ya macho. "Pale hapana jiwe, mwanangu," akasema. "Pale ni mchanga mtupu." Siku hiyo hakunitania tena.

Jumamosi tuliishika Sabato humo humo nyumbani. Baba alisoma Biblia, tukala, akaenda kulala. Nilikwenda kumletea mama maji ya kunywa, na niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Nilishika ukuta wa roshani nikatazama chini. Wale wanawake walikuwa wakirudi na vikapu vyao. Mama alikuwa akienda. Kitambaa chake cha kichwa cha buluu kilishawapita, na mkononi alibeba ile sweta. Nyuma yake, kati yake na pwani, maji yalikuwa yameanza kuingia.

Bi Mwanaisha alikuwa chini akipiga kelele. "Dada! Rudi! Maji yanajaa!" Kisha akaniona. "We kijana! Mwite babako!"

Mimi sijui kuogelea. Baba alikulia kando ya mto Gucha, yeye anajua.

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo. Niliona nyayo zake mwisho wa kitanda. Nikamwita baba, "Tata." Sauti ilitoka ndogo, upepo wa bahari ukaimeza. Nikasema tena, ikakwama kabisa. Niliinua mguu ili nivuke kizingiti, na mguu ukakataa, kama ng'ombe kwenye daraja. Mama alikuwa majini, nami nilikuwa nimesimama pale kama mlingoti.

Ghafla baba akauvuta mguu wake mmoja chini ya shuka. "Nimeamka, nimeamka," akasema, macho yamefungwa. Kisha akayafungua akaniona mlangoni.

"Mama yuko majini," nikasema.

Alinipita bila kuvaa shati. Nilipofika pwani alikuwa tayari anaogelea. Mimi niliingia mpaka kiunoni, Bi Mwanaisha akanikamata mkono nisiende zaidi. Mama alikuwa amesimama kwenye kilima kidogo cha mchanga, maji yakimfika magotini. Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuwa akitazama bahari. Alikuwa ametazama nyumbani.

Baba alimleta. Bi Mwanaisha akamfunika leso.

"Nilikuwa namfuata," mama akasema, meno yakigongana. "Halafu akageuka, akanipita mbio kurudi nyumbani. Nikasimama kumngoja. Hamkukutana naye?"

Baba alitazama mikono ya mama.

"Sweta iko wapi?" baba akauliza.

"Anayo yeye."

Jumatatu tulianza safari ya kurudi. Baba hakunisemesha njia nzima, nami nilijua kwa nini. Mtoto wa kiume kuingia chumbani kwa baba yake si jambo dogo. Tulipofika Nakuru basi likasimama, akageuka.

"Uliingia chumbani mwangu."

"Hapana, Tata. Nilisimama mlangoni."

"Usiogope. Kama ni mbuzi wa utakaso, nitamtoa mimi. Sema kweli tu."

"Sikuingia!"

Nilisema kwa sauti mpaka abiria wakageuka. Baba alinitazama. Kisha akatazama kiatu chake.

"Basi ni nani aliyenivuta kidole?"

Mama alikuwa dirishani, amenunua hindi. Alilivunja katikati, akampa baba nusu.

"Unamjua," akasema. "Kula, linapoa." Naye akaanza kula nusu yake, punje kwa punje, mpaka ikaisha.

Sasa mama ni mzima. Wanaochuma chai naye wamemsikia akiimba. Nilichojifunza mimi ni kidogo: nikitumwa kumwita baba, nasimama pale pale mlangoni na kuita kwa nguvu, hata majirani wanasikia. Mvua zimeanza na baridi ya Manga mnaijua. Lakini mama anasema baba siku hizi hulala miguu ikiwa nje ya blanketi.