Kwanza Funguo, Kisha Bati

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa juu ya paa. Nilifika ofisi ya ujenzi Maswa asubuhi, nimevaa gauni ambalo mama alinishonea kule kwetu Kalemela kwa ajili ya siku hiyo, na cheti changu cha fundi sanifu kikiwa ndani ya bahasha. Fundi sanifu, kwa wasiojua, ni yule anayesimama kati ya mhandisi anayechora na fundi anayejenga. Kazi yake ni kuhakikisha kilichochorwa ndicho kinachojengwa. Mhandisi wa ofisi ile hakuifungua bahasha. Alinitazama, akalitazama gauni, akasema, "Binti, kuna suruali ya kazi nyuma ya mlango. Vaa, tunakwenda Ipililo. Kuna zahanati inavuja."

Kule Ipililo wanaume wa kijiji walikusanyika kuona mwanamke akipanda ngazi. Mzee mmoja alimuuliza Mhandisi kama serikali imeishiwa vijana wa kiume. Mhandisi akamjibu, "Wapo wengi. Huyu ndiye niliyepewa, na ndiye ninayemtaka." Kisha akaniita kwa jina, "Minza, panda."

Nikapanda. Chini ya bati nilikuta kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa zima, na juu ya kenchi kulikuwa na papi, mbao nyembamba ambazo bati hupigiliwa. Mhandisi alisimama chini akinielekeza niichome kila papi kwa bisibisi. Ikizama, imeoza. Nilizichoma zote, jasho likiniingia machoni, na niliposhuka nikamweleza kipi cha kutoa na kipi cha kuacha. Hakunisifu. Alisema tu kwamba kesho nije na suruali yangu mwenyewe.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na niseme ukweli, miaka ile tulijenga kidogo kuliko tulivyongoja. Saruji ilitolewa kwa kibali. Ukuta ulifika kwenye lenta, yaani ule mkanda wa zege unaofunga nyumba juu ya madirisha, halafu ukasimama hapo hadi nyasi zikaota juu yake, kwa sababu mifuko iliyokuwa imeahidiwa ilikwenda kwingine. Nimeona darasa likisubiri lenta mpaka watoto waliotakiwa kusoma ndani yake wakamaliza shule.

Halafu mambo yakafunguliwa. Watu walikuwa wakisema "ruksa" kwa kila kitu, wakicheka. Saruji ikapangwa madukani hadi kwenye dari, bati zikaletwa kutoka Mwanza na yeyote mwenye lori, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuonekana na mizani zao. Lakini mkono uliofungua maduka ndio uliopunguza watumishi. Ofisi yetu ilipunguzwa, nami nikawa miongoni mwa waliopewa shukrani na kuambiwa warudi nyumbani.

Sikurudi. Mume wangu alikuwa mwalimu Bariadi, na hapo Bariadi kulikuwa na mradi mdogo wa nyumba uliokuwa unatafuta msimamizi wa ujenzi. Nilijitokeza. Meneja wa Mradi alikuwa kijana kunizidi mimi, msomi, mwepesi wa maneno, amevaa tai hata siku za vumbi. Aliniuliza maswali mawili matatu akanikabidhi kazi. Kazi yenyewe ilikuwa Mtaa wa Kota.

Kota hizo zilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Zilikuwa laini ndefu za vyumba vilivyoshikana, tofali za kuchoma, bati lililogeuka rangi ya udongo. Kiwanda kilipodorora wafanyakazi walibaki, na walipokufa walibaki wajane na wajukuu. Mchwa walikuwa wamekula fremu za milango, sakafu zilikuwa mashimo, na maji ya mvua yalikuwa yamechimba msingi mpaka pembe nyingine zikaning'inia. Ila kuta zilikuwa nzima. Nilizipima kwa timazi, ile kamba yenye chuma inayoonyesha kama ukuta umesimama wima, nikaona waliojenga walijua kazi.

Mpango ulikuwa huu. Nyuma ya kota kulikuwa na uwanja mpana wa watu kufunga mbuzi. Hapo zingejengwa nyumba mpya, ndogo lakini kamili, na wakazi wa laini ya mbele wangehamia, kila mmoja akiandikiwa nyumba yake kuwa mali yake. Laini ya mbele, kwa kuwa ilitazama barabara, ingegeuzwa fremu za maduka, na kodi ya maduka ingelipia ukarabati wa laini zilizobaki. Ulikuwa mpango mzuri. Nilikuwa na hamu ya kuanza siku ileile.

Tukawaita wakazi kuwaeleza. Meneja alieleza kwa Kiswahili kizuri. Kisha akasimama mama mmoja mzee wa laini ya mbele, mjane wa fundi mitambo wa kiwanda. Tulimwita Mayu Kabula, mayu kwa Kisukuma ni mama. Hakumtazama Meneja. Alinitazama mimi.

"Mwadila, ng'wanone," alisema, akinisalimu kwa Kisukuma kama mwanawe. Nikaitika. "Wewe ni wa wapi?"

"Kalemela, mayu."

"Basi mwaka wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa ulikuwa mtoto, lakini ulikuwepo. Sisi, kabla ya kuja hapa kiwandani, tulipakiwa kwenye lori na kuku wetu. Tuliambiwa huko tunakokwenda nyumba ipo. Tulipofika tukaonyeshwa kichaka, tukaambiwa hapo. Nilizaa chini ya turubai. Sasa nyie mnaniambia nyumba ipo huko nyuma. Mimi naona mbuzi."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Meneja alianza kueleza ramani upya. Nilimwomba ruhusa nikasema mimi.

"Mayu, sitakuomba uniamini. Kwanza utashika funguo za nyumba mpya mkononi, utafungua mlango mwenyewe, utaingiza vitu vyako. Ndipo tutagusa bati lako. Kwanza funguo, kisha bati. Na ni hivyo kwa kila mtu wa laini hii."

Meneja aliitikia kwa kichwa. Watu wakayarudia maneno yale kwa Kisukuma kwa wasiosikia vizuri. Mayu Kabula akakaa.

Tulianza na misingi iliyolika zaidi, kwa fedha za mwanzo za mradi. Kazi ya kukarabati nyumba watu wakiwa ndani inataka subira kuliko kujenga mpya. Msingi uliolika huuchimbi wote kwa mara moja, la sivyo nyumba itatitia. Unachimba kipande kifupi chini ya ukuta, unamwaga zege, unaliacha likomae, ndipo unahamia kipande kingine mbali kidogo, hadi nyumba yote iwe imesimama juu ya miguu mipya bila kujua kwamba ilibadilishwa. Wakati huo mama anapika ugali upande wa pili wa ukuta. Msimamizi wa mafundi alikuwa Shija, mtu wa Itilima, mpole, mwenye kucha zilizoliwa na saruji. Huko nyuma nyumba mpya nazo zilipanda. Tulimwaga jamvi, ile sakafu ya zege, tukainua kuta, tukafunga lenta.

Mbao za kenchi zikachelewa. Mvua zilikuwa karibu, na wafanyabiashara waliopangiwa fremu walikuwa wanamfuata Meneja kila siku. Akaniita ofisini.

"Wiki ijayo muezue laini ya mbele," alisema.

"Nyumba za nyuma hazina paa, Bwana Meneja."

"Watakaa kwa ndugu. Huku kila mtu ana ndugu."

"Mvua inakuja. Na tuliwaahidi."

"Wewe ndiye uliyeahidi."

"Ulikuwepo, ukakubali."

Aliweka kalamu mezani. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayesukumwa. "Minza," akasema, "wewe ni fundi sanifu, hukuchaguliwa kuwa mbunge wao. Usipotoa agizo, nitamwagiza Shija mwenyewe."

Nilirudi nyumbani. Nilikwisha kupunguzwa kazi mara moja na nilijua ladha yake. Nilimweleza mume wangu jambo nililokuwa nalifikiria njiani. Aliendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi, kisha akasema, "Wakikufukuza tutakula mshahara wa chaki. Tumewahi kuula." Jioni hiyohiyo tulikodi mkokoteni, tukapakia kitanda, jiko na masanduku, tukahamia na watoto kwenye chumba kilichokuwa wazi katika laini ya mbele, mlango wa pili kutoka kwa Mayu Kabula. Nilimwambia karani wa kiwanda aliyesimamia kota kwamba nitalipa kodi kama wengine. Majirani walitusaidia kushusha. Hakuna aliyeuliza sababu.

Siku ya kuezua Shija alikuja na ngazi na vijana wake. Alinikuta mlangoni napepeta mchele.

"Mwangaluka, mama," alinisalimu. "Kumbe upo hapa?"

"Nakaa hapa."

Aliitazama laini yote, akaweka ngazi chini. "Nimeambiwa nianze mwisho wa huku."

"Basi anza na changu."

Shija alikaa juu ya tofali, akatoa kofia. "Mimi siwezi kumwezulia mtu akiwa anapepeta mchele," alisema, na vijana wake nao wakakaa.

Meneja alifika na wafanyabiashara wawili. Aliona kitanda changu kupitia mlangoni akaelewa. Aliniuliza kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie, kama najua ninachofanya. Nikamwambia najua, na kwamba siku kenchi zitakapofika nitafanya kazi hadi mabega yaishe, lakini sitaezua nyumba juu ya vichwa vya watu. Mayu Kabula alikuwa ametoka, amesimama kwenye kizingiti chake, mikono nyuma.

Aliyejibu ni mfanyabiashara mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Alimwambia Meneja, "Mimi nitangoja. Vitenge vyangu wananunua watu hawahawa. Nikifungua duka mahali alipotupwa bibi yao, nani atakuja kununua?" Mwenzake alinung'unika, akapanda baiskeli yake akaondoka. Meneja akamwambia Shija achukue ngazi.

Nililipia. Kabla wiki haijaisha niliambiwa nahamishiwa Lagangabilili, kusimamia nyumba za walimu. Wakati ule Lagangabilili haikuwa na ofisi hizi za wilaya mnazoziona leo, ilikuwa kijiji tu. Nilimuuliza Meneja nani atamalizia Kota. Akasema yupo. Nilikwenda, kwa sababu kazi ni kazi, na nyumba za walimu nazo zilikuwa nyumba. Lakini familia niliiacha palepale kwenye laini ya mbele, na kila Jumamosi nilipanda lori lolote lililokuwa linakwenda Bariadi. Nilishuka, nikapita kwenye nyumba mpya kabla ya kufika kwangu. Kenchi zilikuja. Shija alizisimamisha kama nilivyomwelekeza, na pale msimamizi mpya alipotaka kupunguza papi ili kuharakisha, Shija alimwambia angoje Jumamosi. Nilipofika, papi zilipigiliwa zote.

Siku ya kukabidhi funguo sikuwepo. Nilisimuliwa kwamba Mayu Kabula alifungua mlango, akafunga, akafungua tena mara kadhaa, watu wakimngoja, kisha akaingia. Familia yangu ikahamia chumba cha laini ya katikati, bati za laini ya mbele zikatolewa, na fremu zikafunguliwa, mama wa vitenge akiwa wa kwanza. Kodi ikaanza kulipia laini za katikati, na mtaa ule uliokuwa ukinuka choo kimoja ukapata mifereji, milango, na taa za duka hadi jioni.

Jambo moja lilinisumbua. Kila nilipomtembelea Mayu Kabula nilikuta mizigo yake katikati ya chumba, imefungwa kamba, kama mtu anayesubiri lori. Alikuwa anatoa sufuria moja, anapika, anaosha, anairudisha kwenye furushi. Nilimwambia, "Mayu, fungua mizigo." Akajibu, "Iache tu, ng'wanone." Msimu mzima wa mvua ulipita hivyo. Nilianza kuamini kwamba tulimjengea nyumba asiyoweza kukaa.

Kisha Jumamosi moja, naingia tu mtaani, nikasikia ananiita kwa mbali, tena kwa hasira. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha ufa mwembamba kwenye lipu, ule mpako wa saruji wa ukutani, chini ya dirisha.

"Hii ni kazi gani?" aliniuliza. "Mnajenga nyumba ya mtu hivi? Mwite huyo Shija aje leo. Nyumba yangu haiwezi kukaa na ufa."

Ufa wenyewe ulikuwa wa lipu tu, ilivyokauka ilijivuta kidogo, ukuta wenyewe ulikuwa mzima. Sikumweleza. Nilimwomba radhi, nikamwahidi Shija atakuja kabla ya jua kuzama. Nilipochungulia ndani, kamba zilikuwa hazipo. Kwenye ukuta kulikuwa na msumari, na kwenye msumari picha ya mumewe akiwa na ovaroli ya kiwandani.

Nilistaafu miaka mingi baadaye, nikiwa nimejenga mengi makubwa kuliko Kota. Vijana wa kazi hii hunijia, na wengine wananiambia, kwa heshima lakini wananiambia, kwamba nilihangaika bure. Wanasema nusu ya wale watu wa laini ya mbele, au watoto wao, waliuza nyumba zile kwa wafanyabiashara wakaenda kujenga kwingine, na leo mtaani hapo sura nyingi ni ngeni. Ni kweli. Hata warithi wa Mayu Kabula waliuza.

Nawajibu hivi. Waliokuja kununua waligonga mlango, wakakaribishwa ndani, wakapewa kiti, wakataja bei, na mwenye nyumba akasema hapana mara mbili kabla ya kukubali. Zamani mtu wa kota hakuwa na cha kukataa. Angeambiwa panda kwenye lori. Nilifanya kazi maisha yangu yote ili mtu akiondoka kwenye nyumba yake, aondoke kwa sababu ameamua, na aufunge mlango mwenyewe. Aliyeuza aliuza cha kwake.