Maji ya Kupoza

Juzi binti yangu alikuwa akipuliza uji wa mwanawe. "Naupoza, mama," aliniambia, nami nikahisi aibu ya zamani ikinipanda usoni.

Neno hilo nililisikia kwa Kukhu, nyanya yetu, mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa. Baba na baba mdogo walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa shamba. Kukhu aliwaita mbele ya nyumba yake, penye harufu ya moshi na samadi, akaleta maji kwenye kibuyu. "Hasira ni moto tumboni," alisema. "Ipozeni." Kila mmoja alipaswa kujaza maji mdomoni na kuyapuliza chini mbele ya nduguye.

Baba mdogo alianza. Matone yakarukia viatu vya baba.

"Baba, amekutemea mate!" nilipiga kelele.

Baba alikuwa akitafuta sababu, nami nilimpa. Aliondoka kibuyu hakijamfikia. Mwezi huo tulihamia Lugari, na ndugu hao hawakusemezana tena mpaka wakazikwa.

Sasa najua kwamba yale maji yalikuwa msamaha. Kukhu alijua siku ileile nilichokiharibu, lakini hakunigombeza. Aliyamwaga yaliyobaki polepole, akanipa kibuyu nikioshe.