Kizibo cha Nyongeza

Kwa miezi mingi niliamini kwamba mume wangu ana mwanamke mwingine mjini Beni. Nasema hivyo tangu mwanzo ili mtu asijisumbue kunitafutia adabu. Nilikuwa na wivu wa kuacha ugali sahanini, na ulianza na mashine ya kukata majani.

Mume wangu ni fundi wa injini ndogo. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yetu, mtaa wa Mususa, hapa Butembo, na mbele ya kibanda pana meza yangu. Mezani nauza mélange, yaani petroli iliyochanganywa na mafuta ya injini, kwa zile mashine zisizo na mahali pengine pa kutilia mafuta: misumeno ya kupasulia mbao, pampu fulani za maji, na hizo za kukata majani zinazobebwa begani, zenye kamba ya plastiki inayozunguka chini. Ukizitia petroli tupu, injini inajikwaruza na kufa. Kwa hiyo watu hawanunui mélange kwa kila mtu. Kwangu walinunua bila kuuliza, na hilo nilijivunia kuliko kitenge chochote nilichowahi kuvaa.

Na kama mama yeyote anayeuza, simwachi mteja aondoke bila nyongeza. Muuza maharage akishajaza kopo, huongeza konzi juu. Muuza unga hali kadhalika. Mimi chupa yangu ikijaa petroli imejaa, haina pa kuongezea, basi nyongeza yangu ilikuwa mafuta ya injini: kizibo kimoja juu ya kipimo, kwa upendo. Hakuna aliyelalamika.

Mashine ninayoisimulia ilikuwa ya kanisa moja la Beni, upande wa Mavivi, lenye uwanja mpana na madarasa nyuma yake. Kule joto na mvua vinaotesha majani kabla hujamaliza kuyalaani yale ya jana. Aliyepewa kazi ya kuyakata alikuwa mjane aliyekimbia vita kutoka Eringeti akiacha shamba lake la kakao. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kuishika mashine. Siku ya kwanza alirudi akicheka peke yake.

"Ule mama iko na akili ya mashine," aliniambia. "Unamuonyesha mara moja tu."

Mimi nimekaa mbele ya kibanda chake tangu mtoto wetu wa kwanza hajaota meno. Hajawahi kuniambia kwamba nina akili ya kitu chochote, hata ya kupika sombe. Nilimwekea chakula, nikarudi jikoni na neno lile.

Mwanzoni nilikuwa nampa chupa ya mélange dereva wa taxi, naye anaifikisha Beni. Mashine ilikuwa inakufa mara kwa mara, mume wangu anakwenda, anaitengeneza, anarudi. Hayo ni maisha ya fundi. Kisha siku moja akaniambia hataki tena chupa ipite kwa dereva.

"Nitapeleka miye mwenyewe."

"Mashine imekufa tena?"

"Hapana, haiyakufa. Naenda kuiangalia tu."

"Kama haigonjwe, munganga anaenda kufanya nini?"

Alichukua chupa na mfuko wake wa vyombo akaondoka, na tangu hapo ikawa hivyo kila baada ya majuma mawili, mashine iwe inalia au inacheka. Jirani yangu fundi wa cherehani, ambaye Mungu alimpa macho ya kuona ya wengine tu, akaniuliza mbele ya wateja: "Mama, ile mashine ya Beni inavalaka sketi?" Walicheka wote. Nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia. Dalili ya mvua ni mawingu, nami nilikuwa nimeyaona mawingu ya kutosha.

Sikumgombeza. Nilitafuta dawa yangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba mashine ikiwa na nguvu siku zote, atakosa sababu ya kwenda. Na mashine inapewa nguvu na nini? Mafuta. Sijawahi kusikia injini iliyokufa kwa kushiba. Basi kwenye chupa ya Beni nikaanza kutia vizibo viwili vya nyongeza badala ya kimoja. Aliporudia kusafiri, nikatia vitatu. Kila alipoondoka akipiga mluzi, chupa iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Mwishowe sikuhesabu tena, nilikuwa namimina tu, midomo nimeibana.

Kisha malaria ikamwangusha. Siku ya kupeleka chupa ilifika akiwa chini ya blanketi mbili, anatetemeka. Nikamwambia naenda mimi.

"Achia, mama batoto," alisema. "Nitapona, nitapeleka miye. Chupa haiozake."

"Majani yao yanaota."

"Yaache yaote!"

Mgonjwa yule ambaye asubuhi hakuweza kushika kikombe alikaa kitako, akatafuta viatu kwa miguu. Nilipomwona akihangaika hivyo kunizuia, nikajua kwamba ninayemfuata yuko. Nilimrudisha kitandani, nikamwacha na dada yake, nikavaa kitenge changu cha kwaya, nikachukua chupa, bougie mpya, kile kipande kinachotoa cheche, na ufunguo wa kuifungulia. Kwenye taxi niliipakata chupa hadi Beni. Kila tulipoteremka joto lilizidi, na nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule mama. Nilikuwa na mengi, mengine ya Kinande, lugha yetu, kwa maana Kiswahili hakitukani vizuri.

Mashine niliisikia kabla sijaingia uwanjani. Ilikuwa inalia sawasawa, bila kukohoa, na hilo liliniuma kuliko yote. Kama iko nzima hivi, mume wangu alikuwa anakuja kutengeneza nini?

Yule mama alikuwa mrefu, amevaa buti za mpira. Hakuwa mzuri kama nilivyoogopa, wala mbaya kama nilivyoomba. Machoni alivaa miwani ya kazi, na ile miwani niliijua: mume wangu aliniambia aliipoteza. Alizima mashine, akaipandisha miwani kwenye kitambaa cha kichwa, akanisogelea.

"Wasibire, mama. Ni weye mama wa mélange?" Kisha akatazama nyuma yangu. "Fundi hakuje?"

"Iko mugonjwa. Nimekuja miye. Mélange yenu ni hii."

Uso wake ulibadilika. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, akasema ataiweka ndani, ataitumia kesho. Nikamwambia hapana, aitie sasa hivi, nataka kuona. Alisita, akanitazama, akaitazama chupa. Mimi nilisimama pale kama mwenye duka. Mwishowe akafungua kizibo cha tangi, lililokuwa karibu kukauka, akamimina.

Ilikubali kuwaka. Alikata kando ya ukuta hatua chache, moshi ukaanza kutoka, mweupe na mzito, mpaka wanafunzi wakachungulia madirishani. Sauti ikashuka, mashine ikasinzia, ikafa. Akavuta kamba ya kuwashia mara moja, mara mbili, mara tano. Kimya.

Aliilaza chini, akafungua bougie. Ilitoka nyeusi, inadondosha mafuta. Akaipangusa pajani mara tatu, akaipuliza, akaigeuza kwenye mwanga jicho moja limefumbwa. Hivyo hivyo anavyofanya mume wangu, hadi kufumba jicho! Damu ilinipanda kichwani. Nikamnyang'anya bougie.

Akili ya mashine hata mimi ninayo, ila hakuna aliyeniuliza. Niliirudisha bougie kwenye waya wake, nikaigusisha na chuma cha injini, nikamwambia avute kamba. Cheche ilikuwa dhaifu, inatokea na kupotea. Nikaweka ile mpya: cheche nzuri, ya buluu. Nikatazama filta ya hewa: safi, imefuliwa kwa sabuni. Nikafungua bomba la moshi, ambamo kuna wavu mdogo wa chuma, nikaukuta umezibwa na masizi yaliyolowa. Nikabaki nimechutama pale. Cheche ipo, hewa inaingia. Kilichobaki ni kile kinachotiwa tangini. Nilichovya kidole katika chupa yangu, nikasugua na kidole gumba. Iliteleza kama mawese. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama, uko na essence tupu hapa?" nilimuuliza.

Hakuuliza ya nini. Alikwenda nyuma ya mlango wa stoo, akarudi na kibidoni cha petroli na kikombe cha plastiki kilichochorwa mstari mwekundu. Rangi ile ni ya kibandani kwetu, na mstari ule umepinda kidogo upande wa kulia, kama kila mstari anaochora mume wangu.

"Nani aliweka hii hapa?"

Alijifanya anakaza kizibo cha kibidoni. Nikarudia.

"Fundi," alisema. "Akifikaka, anapunguzaka kwanza ile yako. Anatoa nusu, anaongeza essence. Kiisha ndio ananipatia."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu alikatala taxi."

Nilikaa chini kwenye majani na kitenge changu cha kwaya. Basi hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kila majuma mawili. Nilimuuliza kwa nini mume wangu hakuniambia, na yule mama akawa anatazama buti zake.

"Alinikatazaka kusema, mama. Alisema: 'Bibi yangu, ku Mususa yote hakuna mutu anamushinda kipimo. Miye natengenezaka mashine, lakini batu banakuyaka juu ya kipimo yake. Nikimuambia amekosea, ataona haya, ataacha kuuza. Na miye siwezi kufungua ile mulango ya kibanda kama yeye hako pale. Afazali nikuye Beni.'"

Mwanamke mwingine angefurahi. Najua. Hata yule mama alikuwa ananitazama akingoja nitabasamu. Mimi nilihisi joto likinipanda upya, kubwa kuliko lile la kwenye taxi. Alikuwa ameketi hapa, kwenye uwanja huu, akisema maneno hayo kwa sauti, na mtu mwingine akiyasikiliza. Mume wangu kwangu anasema "chumvi" na "ufunguo namba kumi." Sikujua kwamba anaweza kusema kitu kirefu hivyo.

Tulichoma ule wavu kwenye babula ya mlinzi, jiko lake la makaa, mpaka masizi yakawa majivu, tukaupiga kwa jiwe, tukaurudisha. Nikapunguza mélange mwenyewe, kwa kikombe kile, na mashine ikaitika mara ya pili tu ya kuvuta. Yule mama alinishukuru, "wasingya," mara nyingi. Sikumtukana. Maneno yote ya Kinande nilirudi nayo Butembo.

Nilifika nyumbani jua lingali juu. Mume wangu alikuwa macho, ananisubiri.

"Mashine iko je?"

"Iko muzuri. Nimepunguza mafuta, miye mwenyewe."

Akashusha pumzi, kama mtu aliyetua gunia.

"Sasa," nikasema, nikakaa ukingoni mwa kitanda, "yale maneno uliambia ule mama, niambie miye."

"Maneno gani?"

"Unayajua."

Akavuta blanketi mpaka masikioni, akasema homa imerudi.

Amepona siku nyingi. Chupa ya Beni inakwenda na dereva wa taxi, kwa kipimo bila nyongeza, na mashine haijafa tena. Mume wangu hana sababu ya kusafiri, hasafiri. Kila asubuhi anapita mbele ya meza yangu, ananisalimu "wabukire" kama anavyomsalimu fundi wa cherehani, anafungua kibanda. Ninamtazama mgongoni na kungoja. Kuna mwanamke mmoja duniani aliyemsikia mume wangu akisema kwamba bila mimi hawezi kufungua mlango ule, na mwanamke huyo si mimi.