Makopa ya Bi Time

Enzi zetu, na nyinyi mliopata kuwa na kucha nyeusi kwa kuchambua karafuu mnanielewa, mtu hakula peke yake wala hakuimba peke yake. Ukimkuta mtu anakula peke yake, ujue ni mgonjwa. Ukimkuta anaimba peke yake, ujue kazidiwa. Leo wajukuu zangu wanakaa chumba kimoja, kila mmoja na sahani yake, kila mmoja na vidude masikioni na wimbo wake, kama abiria wa boti waliokutana bandarini. Ukimwita mmoja anakuinulia kidole, yaani ngoja babu. Mie ningemwinulia mamaangu kidole, leo nisingekuwa nacho.

Mie si msomi. Skuli niliishia darasa la tatu, chuoni nilikhitimu Kurani, yaliyobaki nimefundishwa na jua. Nilianza na kapu la ng'onda, samaki wa kukausha, kichwani, nikapata baiskeli, na leo nina duka la saruji na mabati Chake Chake ambalo hakunifungulia mtu. Kwa hiyo nasema kama nilivyoona. Mwenye kutaka maneno ya kupambwa aende kwa washairi.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Pujini. Nyumba yetu na ya Bi Time zilipeana mgongo, ua wetu na ua wao ni mmoja, na jiko la mamaangu na la Bi Time yalitazamana kama mashoga wawili. Mamaangu aliitwa Mize. Bi Time alikuwa na mwana wa umri wangu, Hamadi, na mimi na Hamadi tulikuwa hatujui nani kazaliwa na nani mpaka inapofika zamu ya kupigwa.

Miaka ile mchele ulikuwa kitu cha kusikia. Tulikula makopa. Vijana hawayajui: muhogo unamenywa, unapasuliwa, unaanikwa juani siku nyingi mpaka unakuwa mkavu mweupe kama chaki. Siku ya kupikwa unaoshwa, unachemshwa na kunde, halafu linamiminwa tui zito. Harufu yake ina uchachu kidogo, ikichanganyika na nazi inaingia mpaka kwenye nguo. Makopa ya mamaangu yalikuwa chakula cha kuzuia njaa tu. Ya Bi Time ulikuwa ukila na bado una njaa ya kula. Sijui alifanya nini. Nadhani alikuwa na subira na moto. Alipakua kwenye sinia moja, ng'onda wa kuchoma juu, tukakaa sote duara, na chini ya chungu mnabaki ukoko ambao mimi na Hamadi tuligombania mpaka kung'atana. Bi Time hakutuamua. Alisema tu, "Wagombanao kwa ukoko, mirathi watauana," akaendelea kula.

Ukifika msimu wa karafuu ndipo raha inapoanza. Mchana tuko juu ya mikarafuu, jioni magunia yanamwagwa juu ya majamvi uani na wanawake wanakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Na mikono ikiwa kazini mdomo haukubali kukaa bure. Mamaangu ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo, Bi Time ndiye mjibuji, na wengine wanapokea kwa vigelegele. Na jibu halikujulikana kabla. Mamaangu anauliza kwa wimbo, Bi Time analitunga jibu palepale, na kazi yake ni kumchekesha mwenziwe mpaka karafuu zimponyoke.

"Makonyo haya nimpe nani, Time wee?"

"Mpe mumeo atie chaini, Mize wee!"

Babaangu yuko barazani na wazee wenziwe, anajifanya hasikii. Mamaangu anauliza tena, makonyo yaleyale, wimbo uleule, na jibu linakuja jingine kali zaidi, safari hii limempata mama mkwe. Hawakurudia jibu hata moja. Kesho yake mimi na Hamadi tukiwa juu ya miti tunawaigiza, mie nauliza, yeye anajibu, na majibu yake hayaandikiki mbele ya watu wenye heshima. Siku moja nilicheka mpaka nikaachia tawi. Hamadi alinidaka kwa shati, shati likachanika, mie nikabaki. Tulipigwa wote wawili kwa ajili ya shati.

Jioni moja, mikono yao imo katika karafuu, mamaangu akasema bila kuimba, "Time, nikitangulia unioshe wewe. Usiniachie mikono ya watu."

"Nitakuosha," Bi Time akajibu, "lakini usije ukanichekea, ukaniharibia udhu."

"Na ukitangulia wewe?"

"Utaniosha wewe, na ukinigeuza vibaya nitakufinya."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi na Hamadi tulisikia. Hayo yakawa maneno yanayojulikana nyumba zote mbili, kama watu wanavyojua mnazi huu wa nani na ule wa nani.

Kisha, sisi tumekwisha kuwa watu wazima wenye wake na watoto, zikaja siasa. Sitaji chama wala sitaji mtu. Kila Mpemba wa umri wangu ana lake la kusimulia na la kwake ndilo baya zaidi. Watu walioazimana chumvi wakaanza kuulizana uko wapi. Likawapo duka la hawa na duka la wale. Harusi ya hawa wale hawaendi. Na likaja lile ambalo babu zetu hawakulijua: mtu akifiwa, upande wa pili haupiti hata kusema pole. Tuliliita kususa. Tulisusiana sisi kwa sisi, ua mmoja, kibla kimoja, na tuliona tunafanya jambo la maana sana. Sisi tulikuwa huku, kina Bi Time kule.

Mamaangu akafa katika miaka hiyo. Nilitoka Chake mbio, nikakuta wanawake wa ukoo wa babaangu wameshafika kumwosha. Watu wema, Mungu awalipe, lakini mikono ya watu. Niliangalia mlango wa Bi Time. Haukufunguka. Hakuja yeye, hakuja Hamadi. Na tulipomwinua mamaangu kumtoa, upepo ukatuletea harufu ya makopa kutoka jiko la Bi Time. Anapika! Jirani yake wa maisha anatolewa mlangoni, yeye anamimina tui. Tangu siku hiyo makopa hayakuingia kinywani mwangu, na nikiyasikia harufu naondoka mahali.

Baada ya hitima nilimkuta Hamadi njiani, anatoka shambani.

"Yakhe," nikamwambia, "nataka neno moja la kweli. Ni wewe uliyemzuia mamako asije?"

Aliweka jembe chini. Akapangusa uso kwa kanzu yake ya kazi. "Ni mie," akasema. "Nilimzuia."

"Basi mimi na wewe hatujuani."

"Vyema," akasema Hamadi, akachukua jembe lake.

Baadaye alihamia Mombasa. Watu waliokuwa wakienda huko wakirudi na salamu zake, nikiwaambia salamu hizo zina mwenyewe, si mimi. Siasa zikapoa, wakubwa wakapeana mikono, watu wakarudi kuzikana. Mie sikurudi kwa Hamadi. Miaka michache iliyopita nikapigiwa simu dukani kwamba amefariki hukohuko Mombasa. Nikasema inna lillahi, nikaendelea kupakia saruji ya mteja.

Sasa Ramadhani iliyopita mke wa mwanangu, msichana wa Wete, mwenye nia njema na asiyejua kitu, akapika makopa ya futari. Adhana imelia, nimeshika tende, harufu ikanifika. Niliinuka mkekani na tende mkononi. Mjukuu wangu Salma akanifuata nje. "Babu, makopa yamekukosea nini?"

Nikamweleza yote, kama ninavyokuelezeni. Nilidhani atalia. Watoto wa leo wanalia hata kwa tamthilia. Aliniangalia tu. "Kwani huyo Bi Time amekufa?"

"Yu hai. Mzee sana, lakini yu hai."

"Sasa si umuulize yeye?"

Hivyo tu. Kama mtu anayekuambia swichi iko ukutani. Na akanipa na kazi: nimwambie Bi Time aimbe zile nyimbo za karafuu, yeye Salma atakuja na simu kurikodi.

Nilikwenda baada ya Idi. Nilikuwa sijakanyaga ua ule tangu niuze nyumba yetu. Bi Time alikuwa ukumbini anasuka ukili wa mkeka, macho yamekwisha lakini vidole vinakwenda wenyewe.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Nani wewe mwenye sauti ya mtu aliyeshiba?"

"Omari. Wa Bi Mize."

Vidole vikasimama, vikaendelea. "Omari. Umenenepa mpaka sauti. Kaa. Umechelewa sana kuja kunitukana."

"Sikuja kukutukana. Nimekuja kuuliza. Mlikuwa na ahadi na mamaangu. Najua Hamadi alikuzuia, Mungu amrehemu, lakini na wewe ulikuwa mtu mzima, ungepita hata mlango wa uani."

"Nani kakwambia Hamadi alinizuia?"

"Mwenyewe. Kwa mdomo wake."

Bi Time akauweka ukili chini. Halafu akasema, wala hakupunguza sauti:

"Sikuzuiwa na mtu. Nilisusa mwenyewe. Mamako alinipita kisimani, akateka maji yake, hakunisalimu. Siku ya pili hivyohivyo. Mie Time! Nikaapa sitamgusa."

"Hata maiti?"

"Hata maiti. Usinitazame hivyo, sikuoni lakini najua unanitazama. Ndivyo tulivyokuwa. Kulipokucha nikasikia kilio, nikapika makopa chungu kizima niwaleteeni, maana kiapo kilikuwa cha kumgusa, hakikuwa cha chakula. Nikafika mlangoni. Nikarudi ndani. Hamadi akalia mbele yangu, mtu mzima na ndevu zake. Akasema, mama, nenda kamwoshe mwenzio. Nikamwambia sendi. Akasema, basi nipe chungu nikipeleke mie, na mie niende nikazike. Nikamwambia, ukivuka ua huu na chungu au bila chungu, radhi yangu huna. Makopa nikawamwagia kuku."

Akaendelea:

"Aliporudi siku mliyokutana njiani akaniambia, Omari kaniuliza, nimemwambia ni mie. Nikamwuliza kwa nini umesema uongo? Akasema, wacha anichukie mie, mama. Wewe ni wa kukaa hapa, utawahitaji watu wa kukuzika." Akaushika tena ukili, akautafuta mwanzo wake kwa vidole. "Lakini na wewe, Omari. Umekula sinia langu tangu huna meno. Hukukaa hata siku moja ukajiuliza, Hamadi atamzuiaje Time? Mwanangu alikuwa akiniogopa mpaka ana mvi."

Nilimwambia, "Bi Time, mmeniibia mtu."

"Tumekuibia," akasema. "Na mie pia nimejiibia."

Nilipokwisha kusimama nikakumbuka agizo la Salma, nikalisema kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Mjukuu wangu anataka nyimbo zenu. Akacheka kidogo, meno hamna.

"Atarikodi nini? Mie nilikuwa najibu. Mwenye kuuliza mlimzika."

Sikumsamehe, na hakuniomba. Nilimwachia mchele na sukari nilivyokwenda navyo, nikarudi zangu Chake. Kwa mamaangu najua pa kwenda kusoma Fatiha. Kwa Hamadi sijui hata makaburi yenyewe yako upande gani wa Mombasa, na watu niliowarudishia salamu zake nyuma, wengine nao wamekwisha kufa. Kukasirika sijutii, mtu akifiwa na mamaake ana haki ya kukasirika. Ninachojutia ni niliyemkasirikia.

Siku hizi nikikaa kibarazani namtazama Salma na mwenziwe, binti wa nyumba ya tatu. Mwezi uliopita waligombana, sijui kwa sababu ya picha gani, wakafungiana simu, wakaapa hawatasemeshana mpaka kufa. Nikacheka moyoni, nikasema watoto hawa hawajui hata kuapa. Juzi nikawakuta wamekaa ngazini, mmoja kamshika mwenziwe mkono, anampaka hina.

"Nani kakupatanisheni?" nikauliza.

Wakatazamana kama watu walioulizwa jambo la mwaka juzi. "Hakuna, babu," Salma akasema. "Tumesahau tu."

Watoto wa sasa hawana subira. Hawawezi kukaa na wimbo mpaka mwisho, hawawezi kungoja chungu kiive, na hata chuki haiwakai wiki moja. Nawasema kila siku kwa hayo. Sisi tulikuwa na subira. Mie na Hamadi tulikaa nayo mpaka akazikwa ugenini.