Tulivyoifanyia matanga klabu ya mpira ya bosi wetu Mwingereza hapa Doha

Wakuu, nawasalimu kutoka Doha, ambako joto la leo limenifanya nimwonee wivu samaki aliye kwenye friza.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji wa nadra. Ninayoyaandika yametokea kama yalivyo, majina tu ndiyo nimebadilisha. Mwishoni nina ombi la kweli, kwa hiyo msiniache njiani.

Mimi ni Mkenya wa umri wa kati, mwenye digrii ya fasihi. Digrii hiyo imenifikisha kwenye helpdesk ya jengo moja refu la West Bay. Kazi yangu ni kupokea simu za watu ambao AC zao hazipoi na kuwaambia, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba fundi yuko njiani. Muda unaobaki naandika makala ambazo hata mke wangu huzisoma nusu.

Bosi wetu alikuwa Mwingereza, nitamwita Terry. Sitini na kitu, mrefu, shingo nyekundu utadhani imepigwa pasi. Ndiye aliyesimamia matengenezo ya jengo zima. Hakuwa na makuu wala kelele. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni klabu ya mpira.

Msiwaze hizo klabu mnazozibishania humu kila wikendi.

Hii nitaiita Pellbridge. Ni timu ya mji mdogo, inacheza madaraja ya chini kabisa, kule ambako TV haifiki na kipa Jumatatu anaamka kwenda kuzibua mabomba ya watu. Ukianza kushuka ngazi kutoka ligi kuu, utachoka kabla hujaifikia.

Kila Jumamosi jioni, ambayo kwao ni mchana, Terry alikuja kwenye meza yangu na kuisimamisha simu yake kwa kuiegemeza kwenye stapler. Hapakuwa na video. Kulikuwa na mtu mmoja tu huko uwanjani aliyekuwa akiandika kwenye ukurasa wa klabu.

"Kona."

Kimya kirefu.

"Kona tena."

Kimya.

"Tumefungwa."

Mlinzi wetu wa mapokezi, Okech, shabiki sugu wa timu kubwa ya London, alikuwa hamwachi. (Na Terry tuliongea Kiingereza, hapa nawatafsiria.)

"Boss, hii timu yako hata kwa betting haiko. Huwa inacheza na nani, na ng'ombe?"

"Ng'ombe walitufunga msimu uliopita," Terry akajibu bila kuinua macho.

Okech alicheka hadi akavua kofia. Nafikiri hapo ndipo tulipoanza kuzama. Taratibu akawa anapita helpdesk kila Jumamosi "kuangalia kama kuko sawa." Kisha siku moja nikamsikia akiuliza, "Tumefungwa ngapi?"

Tumefungwa. Nikajua tumekwisha.

Hivyo ndivyo nilivyoijua historia ya klabu ambayo sijawahi kuiona ikigusa mpira. Kati ya kona na kona Terry alikuwa anasimulia, nami mtu wa fasihi nikipewa hadithi siwezi kuikataa.

Tulijua pia mpango wake. Kampuni ilishamwambia mkataba hautaongezwa, umri umepita, na hapa Doha kazi ikiisha kibali cha kuishi nacho kimeisha. Angerudi Pellbridge. Alishapanga nyumba mtaa wa pili kutoka uwanjani, na Jumamosi zake zilizobaki angekaa pale pale alipokuwa akikaa na baba yake. Watu humuuliza mzee anayestaafu ana nani nyumbani. Terry alikuwa anajibu kwa kutaja kiwanja.

Sasa, msimu ukiwa unaelekea ukingoni, mwenye ardhi akaiuza kwa wajenzi wa nyumba. Kamati ikahangaika, mashabiki wakaandamana mvuani, picha tuliziona. Hawakufika hata mia. Mwishowe yule mtu wa "Kona tena" akaandika mstari mmoja kwamba klabu imefungwa rasmi na anawashukuru wote.

Terry akaisoma. Akairudisha stapler yangu mahali pake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Basi, ndiyo hivyo."

Kesho yake hakuja kazini. Kesho kutwa pia.

Hapa anaingia Nekesa, nesi wa Bungoma anayeishi Al Sadd, dada wa fellowship yetu. Tulimkuta baada ya ibada ya Ijumaa, maana huku Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Okech akamsimulia kama kichekesho. Nekesa hakucheka.

"Kwa hivyo mtu amefiwa, amejifungia kwa nyumba, na nyinyi wanaume mko hapa mnakunywa chai ya karak?"

"Sister, ni timu."

"Analia ama halii?"

"Sijui. Ni Mzungu, hawa hawalii mbele ya watu."

"Basi hakuna mtu ameenda kumwona. Tunaenda. Prof, wewe ndiye umesoma, andika eulogy. Ijumaa ijayo."

Prof ni mimi. Tangu lini, sijui.

Wakuu wa Tanzania, niwaeleze. Kwetu Kenya marehemu haondoki bila wasifu wake kusomwa, na wasifu huo una njia yake. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, aliugua nini, dakika za mwisho, ameacha nani. Hata mwizi wa kuku akifa ataandikiwa "Promoted to Glory," yaani amepandishwa utukufuni. Nikaona hiyo inaifaa timu ambayo haikuwahi kupanda popote, nikaiweka juu kwa herufi kubwa. Nilijiona mjanja sana.

Ijumaa ikafika. Nekesa na mandazi. Mimi na karatasi yangu. Okech na viti vinne vya plastiki kutoka anakoishi, Al Rayyan, amevifunga juu ya gari la kuazima.

"Okech, mtu huyu ana sofa!"

"Matanga bila viti ni matanga gani? Tutaonekana tumekuja kutembea tu."

Terry alifungua mlango akiwa na kaptura, ndevu za wiki nzima. Alitutazama sisi, akavitazama viti.

"Kuna nini kimeharibika?" akauliza. Alidhani tumetoka jengoni.

"Tumekuja kukupa pole," Nekesa akasema, akaingia.

Nilisoma kwa Kiswahili, kwa sababu Nekesa alisema maombolezo ya Kiingereza hayana ladha, na Terry akasema anataka kwanza kusikia lugha yenyewe inavyolia. Sehemu nawawekea:

"Marehemu Pellbridge alizaliwa na wafanyakazi wa kiwanda cha matofali waliochoka kupigia mpira barabarani. Alilelewa kwenye kiwanja cha matope kando ya reli, ambako treni ikipita filimbi ya refa haisikiki. Masomo yalimpa taabu. Alishuka madarasa mengi kuliko aliyopanda. Ujanani alikutana na klabu kubwa kwenye kombe, akafungwa mabao ambayo familia imeomba yasitajwe. Lakini yeye pia alifunga moja, na mfungaji, aliyekuwa muuza samaki, hakulipia tena kinywaji mjini humo hadi alipofariki. Jukwaa lake la mbao liliteketea, wanawake wa mji wakapika keki na kuziuza hadi likasimama jingine. Kiwanda kilichomzaa kilifungwa, yeye akabaki. Aliugua kwa muda mrefu akivumilia, hadi ardhi ilipouzwa chini ya miguu yake. Ameacha mjane mmoja, Bwana Terry, na watoto wa kambo watatu hapa Doha."

Okech na Nekesa wakapasuka kwa kicheko kwenye mjane. Kwenye matanga yetu kicheko hakikatazwi. Terry naye akatabasamu kwa kutuona, akaomba nimtafsirie.

Nikatafsiri, mstari kwa mstari. Kwa muuza samaki alitingisha kichwa. Kwa keki alisema, "Mama yangu alikuwepo." Nikafika kwa mjane.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa.

"Ni kweli," akasema. "Mke wangu yuko pale."

Hatukuelewa.

"Maureen. Alitaka pale. Nyuma ya goli la upande wa reli, ndipo alipozoea kusimama. Mtunza uwanja alitufungulia geti asubuhi, akageuka upande mwingine, nikammwaga."

Nekesa ndiye aliyefahamu kwanza. "Majivu?"

"Majivu. Na mimi nilimwomba yule mtunza uwanja, siku yangu ikifika, anifungulie geti tena."

Hakuna aliyekula. Okech, ambaye kwao kaburi la mtu liko uani na mjukuu hulikata nyasi, alikaa kwenye kiti chake cha plastiki taratibu.

"Boss, si mngemhamisha? Hata kwetu barabara ikipita, wafu wanahamishwa. Serikali inatoa nafasi."

"Kuhamisha nini, Okech? Ameshakuwa nyasi."

Nilikuwa bado nimeshika karatasi. Miaka yote ya chuo kikuu hakuna aliyenifundisha mtu afanye nini na karatasi ya namna hiyo. Nilitaka kuikunja niimeze.

Nekesa akainuka, akaketi karibu naye, akaanza wimbo wa chini chini, ule tunaouimba mwili ukiwa bado ndani ya nyumba. Okech akaingia na besi. Nami nikaingia, nikiwa nje ya sauti kama kawaida. Terry hakuujua wimbo wala lugha. Alifunika uso kwa mikono yake mikubwa, na huyo Mzungu asiyelia mbele ya watu akalia, wakuu, hadi mandazi yakapoa.

Sitawadanganya kwamba alipona. Alirudi kazini, akakabidhi funguo, na kabla ya mwezi wa Ramadhani tukamsindikiza airport. Pale akaniomba kitu kimoja.

"Ile karatasi. Ya Kiswahili, siyo tafsiri."

"Huko nani ataisoma?"

"Ndiyo historia pekee ya klabu iliyowahi kuandikwa."

Nikampa, na "Promoted to Glory" yake juu. Nilijaribu kuomba radhi kwa ule mstari wa mjane. Akasema niuache, ndio uliokuwa sahihi.

Baadaye alituma picha kwenye group yetu. Mabati marefu ya wajenzi yenye tangazo la nyumba mpya, na familia iliyochorwa ikitabasamu. Chini yake, ndani ya plastiki ya kuzuia mvua, karatasi yangu. Nyuma ya mabati ilionekana shingo ya mashine ya kuchimbia. Aliandika, "Upande wa reli wameanza."

Okech akajibu, "Pole sana Boss. Tuko pamoja."

Hiyo ilisomwa. Za baada yake zote zina tiki moja. Nekesa amepiga, simu haiiti. Kazini wanasema hawana mawasiliano mengine.

Funzo? Mimi nilidhani naandika kichekesho juu ya mpira, kumbe nilikuwa nasoma wasifu juu ya kaburi la mke wa mtu. Kabla hujakicheka anachokililia mwenzako, uliza kuna nani ndani yake. Na jingine linaloniuma zaidi: Nekesa alitufundisha aliyefiwa haachwi peke yake, tukalifanya hilo vizuri Ijumaa moja, kisha tukampandisha ndege aende kuwa peke yake.

Kwa hiyo ombi langu. Najua humu kuna wana-jukwaa mlioko Uingereza, manesi na wa huduma za wazee, mmetapakaa hadi vijiji ambavyo Waingereza wenyewe hawavijui. Aliye tayari anifuate inbox, nitampa jina halisi la mji na mtaa. Ni nyumba ya mtaa wa pili kutoka pale palipokuwa na kiwanja.

Wengine changieni, hata mkitaka kunicheka Prof wa AC, ruksa.

Ila wewe utakayekwenda, akifungua mlango usimuulize hali, atakwambia yuko sawa. Mwambie umetoka kwa Okech. Na tafadhali, beba kiti.