Mdai wa Wakfu

Kila alipofika kwenye vichanja vya wakfu wa msikiti vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani, mdai alivua viatu kama anayeingia ukweni. Mwasiti, msimamizi wa vichanja, alikizoea hata kile kikohozi kidogo kilichotangulia salamu zake. Akiona ndagala imeanguka, aliiokota, akaipuliza mchanga, akairudisha juu taratibu. Lakini wiki hii alikuwa ameomba mahakama iufilisi wakfu, vichanja viuzwe, mkopo wake urudi. Wanawake waliokuwa wakianika wakampa mgongo. Mwasiti tu ndiye aliyemwitikia: "Amahoro, papa."

Mara mvua ikateremka kutoka milimani. Mdai akautupa mkoba wake wa karatasi za kesi mchangani, akakunja mikono ya shati, akaanza kuzoa ndagala na kuita turubai.

"Papa, si unatufilisi wewe?" Mwasiti akamuuliza.

"Kesi iko kwa tribinali, mama. Ndagala iko hapa, inalowa. Shika huku!"

Wakalivuta turubai pamoja mpaka ndagala zote zikafunikwa. Mdai alikuwa bado ameinama, akikandamiza ncha za turubai kwa mawe, Mwasiti alipovua kitenge chake mabegani na kuufunika ule mkoba.